TULIKWENDA MBEZI LUIS, TUKAIKUTA KOREA

Je, umewahi kufika Mbezi Luis? Ikiwa umepanda basi kutoka mikoani kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2021, basi umefika. Hapo ndipo mabasi ya mikoani yanapoishia. Zamani tulikuwa tunashuka Ubungo. Tarehe 24 Februari, 2021, Rais John Magufuli alifungua stendi mpya ya Mbezi, nayo ikapewa jina lake. Lakini wenyeji bado wanasema "Mbezi Mwisho". Siku za nyuma Mbezi ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Sasa iko katika Wilaya ya Ubungo.

Mwaka 2025 nilikwenda huko pamoja na mama mdogo. Hatukwenda kutembea. Mama mdogo alikuwa mgonjwa wa macho. Katika safari hiyo tulikutana mara nyingi na nchi moja ya mbali inayoitwa Korea. Hatukuitafuta. Kila tulipopita, tuliikuta imetutangulia.

Kwanza nikujulishe kwa mama mdogo. Ana miaka 66. Utotoni hakwenda shule, kwa sababu alibaki nyumbani kulea wadogo zake. Alipofika miaka 61 aliingia darasa la watu wazima. Alijifunza silabi kama wewe ulivyojifunza: ba, be, bi, bo, bu. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anasoma pole pole kwa kufuata kidole. Akawa anasoma kila kitu: mfuko wa sukari, kalenda ya ukutani, gazeti lililofungiwa vitumbua.

Kisha ukungu ukaingia machoni. Jicho la kushoto lilifunikwa kabisa. La kulia nalo likaanza. Ilikuwa mtoto wa jicho. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mimi taa nimeiwasha jioni, na mafuta yanakwisha sasa hivi." Hospitali ya mkoa wakatuandikia barua ya kwenda Mloganzila.

FARASI WA DAKAWA

Safari yetu ilianza Dakawa, katika Mkoa wa Morogoro. Wewe unayelima mpunga huenda umelisikia jina hilo. Pale pana kituo cha utafiti wa mpunga. Mbegu ya Saro 5, ambayo wakulima wengi wanaipanda, ina jina la kitaalamu la TXD 306. Herufi D katika jina hilo ni ya Dakawa.

Wazee wa pale wanakiita kituo hicho Cholima. Vijana hudhani ni neno la kilimo, kwa kuwa ndani yake wanasikia "lima". Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nikawa mtu mzima. Kumbe sivyo. Chollima ni farasi wa hadithi za Wakorea. Farasi huyo alikuwa na mabawa, na kwa siku moja alikimbia mwendo wa kama kilomita 400. Hiyo ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kituo kilijengwa kwa msaada wa Korea ya Kaskazini, wakati nchi hiyo ilipokuwa rafiki mkubwa wa Tanzania. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizuru huko mwaka 1968. Wakorea waliokuja walikwisha rudi kwao, lakini farasi wao amebaki katika vinywa vya watu.

Tulipofika Morogoro mjini tungeweza kupanda treni ya umeme. Treni hiyo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni, 2024. Huenda umeziona picha za zile treni zenye pua iliyochongoka, ambazo watu wanaziita "mchongoko". Zilitengenezwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea ya Kusini. Lakini treni haipiti Mbezi. Tukaona basi ni nafuu kwetu.

Tulipita Chalinze, tukapita Kibaha. Barabara ikawa pana, njia nane. Mama mdogo alikaa dirishani. Alifunga jicho la kushoto, lisilofanya kazi, akasoma vibao kwa jicho la kulia. Gari lilikuwa linakwenda kasi, na yeye alikuwa anasoma pole pole. Ghafla akanishika mkono.

"Mlo-ga-nzi-la," akasema. "Si ndiko tunakokwenda?"

Nilipogeuka, kibao kilikuwa nyuma yetu. Kweli, njia ya Mloganzila tulikuwa tumeipita. Mimi niliyesoma mpaka darasa la saba nilikuwa nasinzia. Kwa hiyo, msomaji, kama unatoka bara na unakwenda Mloganzila, usisubiri mpaka mwisho wa safari. Mwambie konda mapema.

MBEZI MWISHO

Mtu akishuka Mbezi kwa mara ya kwanza, kwanza asimame na kushika mzigo wake. Pana kelele nyingi. Wapiga debe wanaita abiria: Mwanza, Mbeya, Tanga, Arusha. Mama lishe wanapakua wali na maharage. Bajaji na pikipiki zinakuzunguka kama nyuki. Kila daladala ina kibao cha njia yake na mstari wa rangi ubavuni. Mtu asiyejua kusoma hufuata rangi, au humwuliza mtu, na anayeulizwa anaweza kuwa mwema au asiwe. Mama mdogo hakumwuliza mtu yeyote. Alisoma vibao kimoja kimoja mpaka akachoka. Kila alipomaliza kimoja alitingisha kichwa kama mtu anayehesabu fedha zake mwenyewe.

Jua lilikuwa limezama. Tulikuwa na ndugu yetu anayekaa Makabe, si mbali na stendi. Tulipomsubiri aje kutuchukua, tulikaa karibu na kibanda cha kijana mmoja. Alikuwa na kompyuta. Kazi yake ni kuwatilia watu sinema katika simu. Simu nyingi zilizokuwa mezani pake zilikuwa Samsung, nazo ni za kampuni ya Korea ya Kusini. Na sinema zilizopendwa zaidi kwake zilikuwa tamthilia za Korea. Watafsiri wetu wanaziwekea maneno ya Kiswahili, hata mhusika wa Kikorea anaongea kama mtu wa Manzese.

Kijana alituonyesha kidogo tamthilia ya Jumong. Nadhani kama kijijini kwako pana kibanda umiza, umekwisha iona. Ilitengenezwa mwaka 2006 na ina sehemu 81. Inasimulia habari za mtu aliyeanzisha ufalme wa Goguryeo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mama mdogo aliona wahusika wakiinama mbele ya wazee na kupokea kitu kwa mikono miwili. Akasema, "Hawa wana adabu. Wamelelewa."

Ni kweli. Mpaka leo Wakorea humwinamia mkubwa wao, na huvua viatu mlangoni. Chakula chao kikubwa ni wali, kama wewe wa Dakawa au Kyela. Pamoja na wali hula kimchi, yaani kabichi iliyotiwa chumvi na pilipili ikaachwa mpaka ichachuke. Tena wakikutana huulizana, "Umekula wali?" Hawana maana ya kukukaribisha chakula. Ni salamu tu, kama sisi tunavyouliza habari za nyumbani.

Kijana wa sinema yeye aliamini kwamba Korea inatawaliwa na mfalme. Usimcheke. Mtu anayeijua nchi kwa tamthilia tu huijua hivyo.

KOREA NI MBILI

Korea iko katika bara la Asia, mashariki kabisa, karibu na China na Japani. Kutoka kwetu ni kama kilomita 10,000. Hapa ikiwa saa sita mchana, huko ni saa kumi na mbili jioni. Zamani ilikuwa nchi moja. Mwaka 1910 Wajapani waliitwaa na kuitawala kwa miaka 35. Mwaka 1945 Wajapani walishindwa vita. Majeshi ya Urusi yakaingia kaskazini, na majeshi ya Marekani kusini. Mstari ukachorwa katikati ya nchi.

Tarehe 25 Juni, 1950, vita vilianza kati ya kaskazini na kusini. Vilidumu miaka mitatu na kuua watu kwa mamilioni. Mwaka 1953 waliweka silaha chini, lakini mkataba wa amani haujatiwa sahihi mpaka leo. Mtu aliyekuwa kusini na mdogo wake akabaki kaskazini hakuweza tena kumwandikia hata barua. Fikiri mstari kama huo ungepita katikati ya mji wa Morogoro, na shangazi yako akabaki upande wa pili kwa miaka 70.

Rafiki yetu wa kwanza alikuwa Korea ya Kaskazini, tangu mwaka 1965. Na Korea ya Kusini tulianza ubalozi mwaka 1992. Farasi wa Dakawa ametoka kaskazini. Treni, simu na tamthilia vimetoka kusini.

Korea ya Kusini haina mfalme. Ina rais anayechaguliwa na wananchi kwa miaka mitano, mara moja tu. Lakini usidhani huko hakuna matata. Usiku wa tarehe 3 Desemba, 2024, Rais Yoon Suk Yeol alitangaza utawala wa kijeshi. Askari walikwenda mpaka bungeni. Wananchi walitoka vitandani wakaenda kusimama nje ya bunge usiku ule ule, na baridi ya kwao si ya mchezo. Wabunge wengine waliruka ukuta ili waingie ndani. Wabunge 190 walipiga kura, na wote 190 walikataa tangazo lile. Kabla ya jua kupanda lilikuwa limefutwa. Mahakama ya Katiba ilimwondoa rais huyo tarehe 4 Aprili, 2025. Mwezi wa Juni wananchi walimchagua Lee Jae-myung. Nilipomweleza kijana wa sinema habari hizo, akauliza kama zimekwisha tengenezewa tamthilia.

MLOGANZILA

Asubuhi tulipanda daladala kurudi njia tuliyokuja nayo. Hospitali ya Mloganzila iko ndani kidogo, kushoto kwa barabara kuu ya Morogoro kwa mtu anayetoka mjini. Ni hospitali kubwa yenye ghorofa nyingi. Ilianza kutibu watu mwishoni mwa mwaka 2016, ikafunguliwa rasmi mwezi wa Novemba, 2017. Sasa ni sehemu ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Ilijengwa na kuwekewa vifaa kwa mkopo wa Serikali ya Korea ya Kusini.

Nilimsomea mama mdogo habari hizo tulipokuwa tumekaa kwenye benchi. Akauliza, "Mkopo? Nani analipa?"

Nikamjibu, "Sisi."

"Sisi nani?"

Ni swali zuri, nami nitalijibu kwa ajili yako pia. Unaponunua sukari, sabuni au vocha ya simu, ndani ya bei umelipa kodi. Serikali hulipa madeni kwa kodi hiyo. Mkopo wa Korea una riba ndogo, na hulipwa kwa miaka mingi. Hata hivyo ni deni. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, lilijengwa kwa mkopo wa namna hiyo, likaanza kutumika mwaka 2022. Daraja la Kikwete katika Mto Malagarasi, Mkoa wa Kigoma, nalo ni hivyo hivyo. Mwezi wa Juni, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Korea, nchi hizi mbili zilikubaliana kwamba Tanzania inaweza kukopa mpaka dola bilioni 2.5 kwa miaka mitano. Mjukuu wako atakuwa analipa. Kwa hiyo jengo hili si sadaka ya mtu. Ukiingia, ingia kama mwenye nyumba, na ukiona bomba linavuja, sema.

Wakati tunasubiri, mama mdogo aliona mashine moja ukutani. Ilikuwa na kibandiko chenye maandishi. Alisogeza uso mpaka karibu, akafunga jicho moja.

"Hizi herufi si zetu," akasema. "Hizi ni vijiti na maduara."

Muuguzi mmoja kijana akamwambia, "Ni za Kikorea, mama."

Mama mdogo akafikiri kidogo. Kisha akauliza, "Na huko kwao wako wazee wasiojua kusoma? Au wote wamezaliwa wanajua?"

Muuguzi alicheka, akasema hajui. Tukaitwa ndani, na swali likabaki pale kwenye benchi. Lakini mimi sikulisahau. Ndilo lililonifanya niandike barua hii ndefu kwako.

HERUFI ZA MFALME SEJONG

Ndiyo, mama mdogo. Walikuwako, tena wengi. Na habari za vile vijiti na maduara ni habari za watu kama wewe.

Zamani Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina. Herufi hizo si 24 kama zetu. Ni maelfu. Mtoto wa tajiri alikaa miaka mingi na mwalimu ndipo akazijua. Mkulima hakuwa na miaka hiyo. Akidhulumiwa shamba, hakuweza kuandika malalamiko. Akihukumiwa, hakuweza kusoma hukumu yake.

Mwaka 1418 alitawazwa mfalme aliyeitwa Sejong. Jambo hili lilimsumbua. Mwaka 1443 alimaliza kutengeneza herufi mpya, na mwaka 1446 akazitangaza kwa watu wote. Zilikuwa 28. Siku hizi zinatumika 24, na zinaitwa Hangul. Zimetengenezwa kwa akili sana. Herufi ya sauti "m" ni kisanduku kidogo, kwa mfano wa mdomo uliofumbwa. Sema "mama" uone midomo yako inavyofanya. Herufi ya "n" ni mfano wa ulimi ulioinuka na kugusa juu ya meno. Kisha herufi hupangwa pamoja, silabi moja moja, kama ulivyofundishwa wewe darasani. Mkorea akitaka kuandika mti, anaandika silabi mbili: na, mu. Namu. Akitaka kuandika nchi, anaandika na, ra. Nara. Unaona? Umekwisha soma maneno mawili ya Kikorea.

Wasomi wa mfalme walisema herufi hizo ni rahisi mno, mtu mwerevu anaweza kuzijua kwa asubuhi moja, na mjinga kwa siku kumi. Wakubwa wengine walizikataa kwa sababu hiyo hiyo. Kama kila mtu atasoma, wao watakuwa na nini zaidi? Kwa miaka mingi walizidharau, wakasema ni herufi za wanawake. Nao wanawake wakazitunza. Leo kila tarehe 9 Oktoba, Korea ya Kusini hupumzika kazi kwa heshima ya herufi. Na shirika la UNESCO lina tuzo yenye jina la Mfalme Sejong, ambayo tangu mwaka 1989 imeanzishwa kwa ajili ya watu wanaofundisha wengine kusoma.

Lakini herufi rahisi peke yake hazitoshi. Wajapani walipotawala, walifika mahali pa kukataza Kikorea shuleni. Walipoondoka mwaka 1945, karibu watu wanane katika kila watu wazima kumi hawakujua kusoma.  Katika miaka ya 1950, huku vita vimebomoa kila kitu, walifungua madarasa ya watu wazima vijijini, hasa wakati wa baridi, wakati ambapo mkulima hana kazi shambani.

MIFUKO 335 YA SARUJI

Mwaka 1960 Korea ya Kusini ilikuwa nchi maskini. Pato la mtu mmoja kwa mwaka halikufika dola 100. Kila mwaka, kabla shayiri haijaiva, watu walikaa na njaa. Nyumba za vijijini zilikuwa za kuezeka kwa nyasi.

Mwaka 1970 Serikali ilianzisha mpango wa vijiji ulioitwa Saemaul, maana yake kijiji kipya. Kila kijiji kilipewa mifuko 335 ya saruji. Vijiji vyenyewe vilikuwa zaidi ya 33,000. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigawana nyumba kwa nyumba. Wanakijiji walikaa mkutanoni, wakaamua wenyewe wafanye nini: daraja, kisima, njia, ghala. Baada ya mwaka Serikali ilikwenda kukagua. Kama nusu ya vijiji vilikuwa vimefanya kazi nzuri. Hivyo vikapewa mifuko 500 mingine, pamoja na tani moja ya nondo. Vile vilivyolala havikupewa kitu. Mwaka uliofuata baadhi ya vilivyolala viliamka.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Rais wa wakati huo, Park Chung Hee, alikuwa mwanajeshi aliyeingia kwa nguvu mwaka 1961, na alitawala kwa mkono mzito mpaka alipouawa mwaka 1979. Watu wengine walibomolewa paa zao za nyasi bila kuulizwa kama wana fedha za kulipia paa jipya. Wewe mzee uliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji unajua ninachosema. Lakini ile saruji inatukumbusha jambo moja: daftari. Kijiji kikiandika mifuko iliyoingia na mifuko iliyotumika, mwanakijiji anayejua kusoma anaweza kulifungua daftari na kuhesabu mwenyewe. Jaribu kuliomba daftari la mapato na matumizi katika kijiji chako. Ni haki yako.

BIBI WANAOKWENDA SHULE

Leo Korea ya Kusini ni nchi tajiri. Lakini vijiji vyake vimebaki vitupu. Vijana wengi wamehamia mijini, na mijini wanazaa watoto wachache. Mwaka 2023 hesabu ilionyesha kwamba wanawake 100 wa Korea watapata watoto 72 tu kwa maisha yao yote. Mwaka huo hakukuwa na nchi nyingine kubwa yenye watoto wachache hivyo. Shule za vijijini zinafungwa kwa kukosa wanafunzi. Kwetu watoto wanakaa chini kwa kukosa madawati, na kwao madawati yanakaa kwa kukosa watoto.

Mwaka 2019, katika wilaya ya Gangjin, kusini kabisa, shule moja ya msingi haikupata hata mtoto mmoja wa kuanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa na wazo. Alikwenda kwa wanawake wazee ambao hawakusoma utotoni, akawauliza kama wangependa kuanza. Walikubali. Mmoja alikuwa na miaka 70. Utotoni alikuwa anajificha na kulia alipowaona wenzake wakienda shule. Sasa kila asubuhi alipanda basi la shule pamoja na wajukuu zake. Alisema hamu yake kubwa ilikuwa kuwaandikia watoto wake barua.

Katika wilaya nyingine iitwayo Chilgok, bibi walijifunza kusoma wakiwa na miaka zaidi ya 70. Mwandiko wao ulikuwa wa kutetemeka, wengine herufi kubwa, wengine zimelala upande. Mwaka 2020 mwandiko wa bibi watano kati yao ulitiwa katika kompyuta, ili mtu yeyote aweze kuchapa kwa herufi zao. Mwaka 2023 kadi za mwaka mpya za Rais wa nchi zilichapwa kwa mwandiko huo wa bibi. Wewe unayeona haya kwa sababu mkono wako unatetemeka unaposhika kalamu, ufikiri kidogo habari hiyo.

Tena liko jambo lingine. Korea ya Kusini kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni. Tangu miaka ya 1980 wanafunzi wa Kikorea wanasoma Kiswahili pale. Nao walianza mwanzo kabisa, kama wewe.

TULIPORUDI

Upasuaji wa mtoto wa jicho hauchukui muda mrefu. Mgonjwa halazwi usingizi. Anatiwa dawa ya ganzi, kisha daktari anatoa kile kioo cha ndani ya jicho kilichoingia ukungu na kuweka kingine kidogo cha plastiki. Mama mdogo alisema hakusikia maumivu, ila alisikia daktari na msaidizi wake wakizungumza habari za mpira wa miguu, akataka kuwaambia wanyamaze wafanye kazi. Walianza na jicho la kushoto. La kulia watalifanya baadaye. Kama nawe unaona ukungu, usitie majani wala asali wala dawa ya kienyeji machoni. Nenda hospitali mapema.

Siku ya pili walifungua bandeji. Muuguzi akamwonyesha vidole, akavihesabu. Akamwonyesha chati ya herufi. Akasoma mstari wa juu, wa pili na wa tatu, kwa sauti, kama yuko darasani, mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Mstari wa nne ukamshinda. Muuguzi akasema inatosha, apumzike. Mama mdogo akasema hajachoka.

Tulilala Makabe siku tano, mpaka daktari alipotuangalia tena na kuturuhusu. Alfajiri tulikwenda stendi ya Mbezi Luis. Kijana wa sinema alikuwa anafungua kibanda. Akamsalimu mama mdogo, "Shikamoo bibi, umepona?" Akamjibu marahaba, kisha akasimama kusoma majina yote ya tamthilia yaliyobandikwa mlangoni. Basi nusura lituache.

Njiani safari hii sikusinzia. Tulipopita Kibamba nilimwona amekaa wima dirishani. Amefunika jicho la kulia kwa kiganja. Kibao kilipotokea, midomo yake ilitikisika kidogo, bila sauti. Kikapita.

"Umekiona?" nikamwuliza.

"Nimekiona kwa hili la kushoto," akasema. "Kimeandikwa vile vile."